Bima ya Safari ya Nyanjige

Kasoli, Bariadi
9 Desemba

Kwako mwanangu Maduhu,

Mwangaluka, ng'wanone. Huko Geita mnaamkaje? Kile kikohozi cha vumbi la mgodi kimekuacha? Sisi huku tu wazima, mama yako Ng'washi anakusalimu, na mwanao Nyanjige anakula vizuri. Pamba nimeshapanda ekari sita. Vijana wa hapa bado wananoa majembe, mimi mzee wa miaka sabini na tatu nimemaliza. Mwandiko huu ni wangu mwenyewe. Niliishia darasa la nne, lakini la nne la zamani si la leo.

Nimeandika kwa sababu kwenye simu ukikasirika unakata. Barua utaimaliza.

Ni ile ziara ya shule ya Bagamoyo uliyomlipia Nyanjige. Unajua hakwenda na hela haikurudi. Sikiliza ilivyokuwa. Siku tatu kabla ya basi kuondoka, baba yako mdogo Selestini alifariki kule Malampaka, nikamtoa Nyanjige kwenye safari. Mtoto hapandi basi akiimba wakati babu yake yuko kwenye jeneza. Alilia, nikamwambia Bagamoyo haihami.

Mwalimu Violeth, msimamizi wa ziara, alisema watoto wote wamekatiwa bima ya safari. Aliyezuiwa na msiba wa ndugu wa karibu anarudishiwa hela, mradi tujaze fomu ndani ya wiki mbili, na barua ya mtendaji wa kijiji. Nikapeleka kesho yake. Nikaandika: aliyefariki ni babu.

Watu wa bima wakakataa. Walisema babu mzaa baba ni Mayala, yaani mimi, naye yu hai. Selestini ni mtoto wa baba mdogo wa Mayala, hayumo kwenye orodha yao. Hayumo, eti. Selestini tuliyechunga naye ng'ombe, ambaye nilipovunjika mguu alilima shamba langu kabla ya lake. Wewe mwenyewe alikutolea ng'ombe wawili wa mahari.

Mwalimu akaja nyumbani kwa bodaboda, kwenye matope yote yale. Alikuwa amesikia kwamba siku basi linaondoka Nyanjige alikuwa kalazwa zahanati kwa malaria iliyomshika matangani. Ni kweli, alilala siku mbili. Akasema ugonjwa bima wanaulipa, wanataka karatasi ya zahanati tu, na zimebaki siku nne. Nikamwambia nikiitoa hiyo karatasi nimekubali kwamba Selestini hakuwa ndugu yangu.

Akasema, "Mzee, bima hawamjui ndugu yako. Mimi namjua, nilikuja kuzika."

Nikamjibu karatasi imepotea.

Hapa usome polepole. Haikupotea. Ilikuwa kwenye mfuko wa koti langu nikiwa naongea naye, na siku nne zikapita imo humo humo. Uliponiuliza hela, nikakwambia mwalimu kaila. Hajala hata senti. Nilisema hivyo kwa kuwa sikutaka ujue baba yako ameshindwa na fomu.

Nilidhani utasahau. Juzi Nyanjige akanisomea ujumbe wako, kwamba Januari unamhamisha, huwezi kuwaachia wezi mtoto wako. Kisha akafua sare yake, akaikunja, akaitia chini kabisa ya sanduku. Mama yako akaniambia, "Baba Maduhu, wewe ndiye unayemfukuza mtoto shule." Miaka arobaini na tisa ya ndoa, ndiyo mara ya kwanza nimemkubalia hapo hapo.

Jana nilikwenda shuleni, nikasema mbele ya walimu wote kwamba nilimsingizia mwenzao. Walinipa kiti, sikukaa. Mwalimu Violeth akauliza kama wewe umeshaambiwa. Nikasema barua inakuja.

Basi usimhamishe. Mpigie mwalimu kabla hujanipigia mimi, umwambie Nyanjige anabaki, na umwombe radhi kwa yale uliyoyasema kwa kuamini mdomo wangu. Mimi nigombeze baadaye, nitakaa nisikilize. Ila kwamba Selestini si ndugu, hilo usiniambie hata wewe.

Msalimie mkeo Flora. Mungu akushike mkono kila unaposhuka shimoni, akupandishe salama.

Ni mimi baba yako,
Mayala