Taa ya Zizini

Kericho, Jumatano

Dada Chelimo,

Natumai Mama amepona kikohozi, na yule ng'ombe amezaa salama. Huku mvua haikatiki. Chuoni tumemaliza mambo ya nyaya, sasa tunafundishwa kupanga taa za nyumba na za nje.

Jana mwalimu alifunga mapazia, akanimulika usoni na taa moja kali, akaniambia nitembee. Nilikanyaga ndoo iliyokuwa mbele yangu kabisa. Darasa lilicheka. Akasema taa ya nje inaangalia chini, kwa sababu ikimpiga mtu machoni haoni kilicho miguuni.

Chelimo, ile taa ya zizini niliifunga mimi, nikaielekeza kwenye mlango wa nyumba ili Baba aone njia akienda kukama. Daktari alisema ni presha iliyomwangusha kwenye mtaro ulio mbele ya zizi, tukamzika tukiamini hivyo.

Unaniandikia kwamba Mama hataki izimwe, eti Baba aliipenda. Na bado anapita hapo kila alfajiri na ndoo.

Panda ngazi leo, uielekeze chini. Akiuliza kwa nini, mwambie aniulize mimi nikija.

Ndugu yako,
Weldon