Mama, Tumekuwekea Jiwe Lisilo na Neno "Shujaa"

Mwaka umetimia, Mama, tangu asubuhi ile ulipomwambia muuguzi apunguze sauti ya redio, ukageukia ukutani, ukalala moja kwa moja.

Cherehani yako bado iko dirishani. Fundi viatu wa pale chini analalamika kwamba tangu uondoke hakuna mteja anayejua kumgombeza vizuri. Watoto wa mtaa bado wanavaa sare ulizowashonea, na wale wasio na uwezo uliwaambia kitambaa "kimebaki tu", kana kwamba hatukukuona ukikinunua.

Tulijua kwamba vitani, ukiwa msichana, ulifanya kazi chumba cha juu pale posta, vipokea sauti masikioni, ukisikiliza redio za adui. Zaidi ya hapo hukusema. Tukikuuliza ulifanya nini hasa, ulijibu: "Nilikaa kwenye kiti mpaka kiti kikanichoka."

Siku ya mazishi yako, kapteni mstaafu alisimama na mkongojo wake akasema kwamba wewe, peke yako, ndiwe uliyesikia soko litapigwa mabomu, na watu wakaondolewa kwa ajili ya sikio lako. Tulilia upya. Kaka mkubwa akaapa kwamba jiwe litaandikwa "Shujaa aliyeokoa mji."

Kabla jiwe halijachongwa, akaja mwenzako, yule aliyekuwa mpiga taipu wa chumba kile. Alimaliza chai yake kwanza.

"Wanangu, msinichukie," akasema. "Siku ile mama yenu hakuwa zamuni. Homa ilimlaza. Aliyesikia ni mwenzetu, tulikuwa tukimwita Chiriku, maana mdomo wake haukupumzika. Maskini, alikufa kabla vita havijaisha."

Kaka alipandwa na hasira. "Wivu tu huo! Mtu akishafukiwa ndipo wanakuja kumpunguza."

Kitindamimba wako, aliyerithi ubishi wako wote, hakubishana na mtu. Alikwenda kwa kapteni.

"Mzee, sauti ya Mama uliisikia kwa masikio yako?"

Kapteni akatikisa kichwa. "Nilipigiwa simu. Sauti ya mwanamke mwenye haraka. Mwanamke niliyemjua pale alikuwa mama yako tu, nikasema ni yeye. Nimelisema miaka yote hii, mwanangu, hata nami nikaliamini."

Kitindamimba akarudi kwa mpiga taipu. Huyo naye alikuwa na kiporo moyoni.

"Sikuwaambia yote. Chiriku alinasa maneno asiyoyaelewa. Yalikuwa ya lugha ya mpakani, na aliyekua nayo ni mama yenu. Chiriku alitoka mbio kumfuata nyumbani, na aliporudi ndipo akashika simu. Waliambiana nini, sijui. Mimi nilibaki na mashine yangu."

"Kwa hiyo Mama ndiye aliyeyafumbua?"

"Nimesema sijui. Ukitaka uongo mtamu, rudi kwa kapteni."

Nyumbani, Kaka alishika kichwa. "Sasa tuchonge nini? 'Labda'?"

Ndipo dada wa kati akauliza jambo ambalo hakuna aliyewahi kuliuliza: yule bibi wa karibu na reli, uliyetupeleka kwake kila mwaka, alikuwa nani wetu? Tulikuona ukimwosha miguu, ukimshonea mapazia, akikuita mwanangu. Alipokufa ulimlilia kama mzazi. Sisi tulimwita bibi, basi, tukala biskuti zake.

Kitindamimba akampigia simu mpiga taipu.

"Yule?" akashangaa yule mama. "Si mama yake Chiriku! Kumbe hamkujua?"

Kaka alivua miwani. "Mwaka mmoja nilikataa kwenda," akasema polepole. "Mama alinivuta sikio njia nzima."

Tulicheka, Mama, kisha tukashindwa kuendelea kucheka.

Jiwe lako limesimama sasa. Tumechonga yale tu tunayoweza kuyaapia: kwamba ulikuwa mama yetu na fundi cherehani, kwamba vitani ulisikiliza pamoja na Chiriku, na kwamba watu wa sokoni waliondoka wakiwa hai. Kapteni alikuja kuliona. Alilisoma, akarudia kulisoma. Tulidhani atakasirika.

"Na huyu Chiriku," akamwuliza kitindamimba, "amelazwa wapi? Nipelekeni. Sijawahi kumshukuru."

Tulimshika mkono, huku na huku, tukaenda naye.

Unakumbukwa na mwanao mkubwa na mkewe, binti yako wa kati, kitindamimba wako, wakwe, wajukuu, mwenzako wa taipu, kapteni, na fundi viatu asiye na wa kumgombeza. Kukusahau hatuwezi, Mama, leo wala kesho.