Mama Yangu Ananiita Mgeni

Shikamoo Bi Zipora. Mimi huwa nasoma safu yako kila Jumapili tukiwa njiani, maana mume wangu ndiye anayeendesha, na mara nyingi nimewacheka wanaokuandikia, lakini leo na mimi nimekaa mezani nakuomba unisaidie kabla sijaharibu zaidi.

Naitwa Mwamvua, ni Mrangi wa Busi huko Kondoa, nina miaka thelathini na tisa. Mume wangu kwao ni Uholanzi, jina alilozaliwa nalo ni Bart, ila aliposilimu alipewa jina la Bashiri na sisi wote tunamwita hivyo. Tuliishi kwao miaka saba, halafu miaka minne iliyopita akapata kazi ya mkataba kwenye mradi wa visima hapa Dodoma, na siku aliponiambia nililia kwa furaha nikasema sasa nitakuwa karibu na mama yangu, nitamwona kila wiki, kwa sababu baba alishafariki na mimi ndiye mtoto wake wa pekee. Tukapanga nyumba Ipagala, ya kule Uholanzi tukaifunga na kumwachia jirani ufunguo, tukawa watu wa nyumba mbili.

Sasa Bi Zipora, Bashiri anapenda safari na mimi nikanogewa, ikawa kila Ijumaa jioni begi liko mlangoni, mara Iringa, mara Mikumi, mara Babati kuangalia viboko, treni mpya ilipoanza tukawa tunalala Dar tunaamkia Zanzibar, na Kolo kwenye michoro ya mapangoni sijui tumekwenda mara ngapi, kwa sababu kila rafiki yake akija kutoka Ulaya lazima apelekwe. Njia ya Kolo ndiyo hiyo hiyo ya kwetu, unaipita Haneti, unakwenda mbele, unafika pa kuchepukia kwenda Busi. Basi mimi nampigia mama simu nikiwa Dodoma namwambia, mama, tutapita. Na kweli tunapita, saa moja hivi, tunakunywa chai, wageni wanampiga picha akiwa jikoni kwake, tunapakia kuku na asali aliyotuwekea, tunaondoka. Mara nyingine tunachelewa huko milimani hatupiti kabisa, nampigia tena, yeye anasema hakuna neno mwanangu, wakati najua alishachinja. Tukilala upande ule tunalala nyumba ya wageni Kondoa mjini, kwa sababu kwa mama choo ni cha shimo na maji ni ya ndoo, na Bashiri hajazoea.

Jumamosi iliyopita nilikwenda kumwambia habari kubwa, kwamba mkataba unaisha mwezi wa tatu. Nilimkuta uani na Asma, binti wa marehemu mama yangu mdogo ambaye siku hizi anakaa naye, wanachambua majani ya kunde. Nikavuta kigoda nikaingiza mkono kwenye ungo na mimi nichambue, mama akanishika mkono taratibu akautoa.

"Acha, mwanangu, utajichafua, na wewe una safari. Asma, mletee dada yako kiti."

Nikaletewa kiti, nikaletewa chai kwenye kikombe cha kabatini ambacho nilipokuwa mtoto nilikatazwa hata kukigusa, nikakaa nakitazama, na punde jirani yake Bi Tabu akapiga hodi, mama akamwambia karibu, nina wageni wangu wa Dodoma.

Nikamwuliza, "Mama, na mimi ni mgeni?"

Akacheka kidogo akasema, "Mgeni njoo mwenyeji apone, si ndivyo? Kunywa chai, inapoa."

Bi Tabu alipoondoka nikamweleza kuhusu mwezi wa tatu. Nilijiandaa kwa kilio, kwa sababu nilipokwenda Ulaya mara ya kwanza alinishika mkono kupitia dirisha la basi mpaka kondakta akamwomba aniachie. Safari hii aliitikia kwa kichwa tu, akaendelea na majani yake, akasema, "Haya, Mungu awatangulie. Mtapita kuaga, au mtapiga simu?"

Hakusema kwa kunisuta, Bi Zipora, aliuliza kama mtu anayetaka kujua apike au asipike. Tangu siku hiyo sili vizuri.

Sasa hapa ndipo nilipokwama. Ofisi yao imemwambia Bashiri anaweza kuongezewa mwaka mmoja akitaka, na jibu linatakiwa mwisho wa mwezi huu. Nimemwomba akubali. Amesema, "Mwamvua, na mimi nina mama na amezeeka. Tumekaa karibu na mama yako miaka minne, sasa twende kwa wangu." Na kwa mdomo ni kweli tumekaa karibu. Nilifikiri nimchukue mama aje Ipagala walau miezi hii iliyobaki, nikamwambia kwenye simu, akanijibu, "Nikakae kwa watu?" Kwa watu, Bi Zipora, nyumbani kwa mtoto wake wa kumzaa. Je, nimlazimishe mume wangu tubaki huo mwaka, au niondoke tu kwa sababu hapa nilishaondoka zamani bila kujua? Na je, mzazi anaweza kuacha kukuhesabu kuwa mtoto wake?

Ni mimi Mwamvua, Ipagala.

*

Marahaba Mwamvua, na pole, kwa sababu naona umeumia kweli. Barua yako nimeisoma kwanza kwa huruma, nikairudia kwa hasira, na jibu langu lina vyote viwili, uvumilie.

Tuanze na kumtoa Bashiri kizimbani. Unasema hajazoea choo cha shimo. Mtu anayechimba visima vijijini miaka minne, huko kazini anajisaidia wapi? Mwenye aibu na choo cha mama yako ni wewe uliyekulia hapo, na ukaona afadhali aibu yako umvishe mzungu wa watu. Wala safari hazikuwa zake peke yake, umeandika mwenyewe kwamba ulinogewa. Sikulaumu kwa kutembea, nchi ni yenu mtembee, ila usiseme ulibebwa kama begi.

Hilo la kumhamishia Ipagala lifute. Mtu ana shamba lake, ana kuku wake, ana majirani watakaomwuguza na kumzika, umtoe huko umweke nyuma ya geti, halafu ikifika Ijumaa akupungie mkono? Alikujibu vizuri na kwa adabu kuliko ambavyo ningekujibu mimi. Na Asma usimwangalie kwa jicho baya. Hakukunyang'anya nafasi, aliikuta wazi.

Sasa swali lako la mwisho, lile lililokukosesha kula. Hapana, mzazi haachi kukuhesabu, ila anachoka kusubiri. Laiti mama yako angekuwa na hasira ningefurahi, maana mwenye hasira angekusema, mngelia wote wawili, mngeyamaliza palepale kigodani. Yeye amezoea, na hilo ndilo linalonisikitisha. Alichinja ukapitiliza, akakusamehe, akachinja tena. Mwishowe akajifunza kukupokea kama unavyokuja, kwa kiti na kikombe kizuri, asiumie. Hizo ni heshima za mgeni, na amekupa zote bila kukubania.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Niambie basi, wikiendi ina siku ngapi? Miaka minne umekuwa ukimwendea mama yako kwa kipimo cha mgeni, tena hata hizo mbili hukuzitimiza, ulizikata ukalala Kondoa mjini. Angekupa jembe saa ngapi? Miaka hiyo imekwenda, mwanangu, na sitakudanganya kwamba kuna namna ya kuirudisha. Hata Bashiri akisaini mwaka mwingine, kama mwaka wenyewe ni wa "mama, tutapita," mtakuwa mmemnyima mama mkwe wako mwanawe bure.

Kwa hiyo fanya hivi. Mwambie mumeo asijibu ofisini kwanza, mwisho wa mwezi bado haujafika. Jumatano panda basi uende Busi peke yako. Usiende na gari, usiende na rafiki wa mtu, wala usijaze zawadi za kumziba mama yako mdomo. Beba khanga mbili za kazi na kipande cha sabuni. Ukifika useme umekuja kukaa, usitaje siku ya kuondoka, na uombe kulala chumba kimoja na Asma. Choo unakijua kilipo.

Siku mbili za mwanzo atakukirimu. Kubali, kalia kiti, kunywa chai, usimpokonye kazi mikononi kwa nguvu ili uonekane mtoto mwema, na usimwombe msamaha kwa machozi mbele ya Bi Tabu, utamgeuza yeye ndiye wa kukubembeleza. Usimwulize kama anakupenda. Zungumzeni habari za mvua, za kuku, za nani kaoa, za baba yako. Mmekosa hayo muda mrefu.

Kaa juma zima. Ukirudi mweleze Bashiri ukweli wote, na habari ya choo usiiruke, maana mpaka leo anaamini kwa dhati kwamba mlikuwa mnakaa karibu na mama yako, na ndiyo sababu anadhani sasa ni zamu ya wake. Mkishalijua hilo wote wawili, ndipo muulizane kuhusu huo mwaka. Mkiamua kuondoka mwezi wa tatu, nenda bila kinyongo, mama yake naye ni mama, na huko wikiendi zenu zianzie kwake kabla hajafika mahali pa kuwauliza kama mtapita au mtapiga simu. Mkiamua kubaki, uwe mwaka wa Busi, hao viboko wa Babati watawasubiri.

Nimebakiza jambo moja. Msimu huu huko kwenu ni wa palizi na wanatoka mapema. Siku ya tatu amka kabla yao, ujifunge khanga, ukae kimya mlangoni. Akikupa jembe, lipokee, umfuate shambani, usiseme kitu. Asipokupa, usilie. Ipo ya nne.