Namtumia baba mdogo video ya moyo uliokwisha kufa

Shangazi Severina mpendwa, shikamoo. Nisaidie, maana kitanzi hiki nimejitia mwenyewe na sasa sijui kukivua.

Mimi ni binti wa miaka ishirini na tisa, mzaliwa wa Misigiri, kwa sasa nipo Dar es Salaam nasomea shahada ya uzamivu juu ya ugonjwa wa moyo wa kurithi, ule ambao misuli ya moyo inanenepa taratibu mpaka siku moja mtu anaanguka tu, na niliuchagua kwa sababu ndio uliomwangusha baba yangu akiwa na miaka arobaini na moja, gunia la alizeti likiwa begani, na kabla yake ulimwangusha babu, na ukoo mzima wakasema tumerogwa, mimi nikasema hapana, nitasoma. Katika utafiti wetu tunachukua damu ya mtu, tunazirudisha seli zake nyuma zinakuwa changa kama za mimba, ndizo zinaitwa seli shina, halafu tunazilea mpaka zinageuka seli za moyo na kudunda zenyewe ndani ya kisahani, ili dawa tuijaribu humo badala ya kumjaribia mtu. Damu nilichukua kwa baba mdogo Hezekia, ambaye mwaka juzi alianguka kwenye shamba la vitunguu akazinduka, akapimwa, ugonjwa ukawa ni uleule, akapewa vidonge vya kila siku na tarehe za kurudi hospitali. Seli zake zilipoanza kudunda nilifurahi mno, nikarekodi video nikamtumia, na kosa langu ni maneno niliyoandika chini yake: "Baba mdogo, huu ndio moyo wako, ninao huku, nautunza."

Shangazi, tangu siku hiyo sina amani. Kila asubuhi kabla ya kwenda shamba ananipigia, haulizi habari yangu, anauliza, "Mwanangu, ameamkaje huyo?" Video ameipeleka kanisani, ameipeleka mashineni kwenye kusaga, wazee wanaishika simu kwa mikono miwili na kuisalimia, na mama mmoja aliuliza mbona hamjamfunika na Dar kuna mbu. Mama mdogo Kristina alituma kuku wa kienyeji kwa basi, amekwishachemshwa, na maagizo kwamba supu ipoe kwanza ndipo nimpe, na mimi, Mungu anisamehe, nilimla yule kuku wote nikajibu kwamba amekula vizuri.

Halafu nikamweleza baba mdogo kwamba nimeweka dawa kwenye kisahani na mapigo yametulia. Akasema, "Hata mimi nimesikia nafuu tangu Alhamisi." Kumbe ameacha vidonge vyake! Nilipomuuliza alinijibu kwa upole kabisa: "Mwanangu, si yule wa huko amekwishameza? Na mimi nikimeza, dozi si itakuwa mara mbili?"

Sasa la kuungama ni hili. Wiki tatu zilizopita nilikuwa na haraka, sikukifunika kisahani vizuri, kikaingia ukungu kama wa mkate wa juzi, na seli zote za baba mdogo zikafa. Nimeshindwa kumwambia. Kila asubuhi namtumia video ya zamani, naigeuza kidogo ionekane mpya, naye anafurahi, na jana kaniambia, "Naona ana nguvu sana, kwa hiyo wiki hii naingia shamba na maksai na plau, na ile tarehe yangu ya hospitali ya Jumatatu nimewaambia wampe mtu mwingine." Ninazo seli zake nyingine zimegandishwa, nikiziamsha leo, baada ya miezi miwili nitakuwa na moyo mwingine unaodunda na hatajua kitu. Je, ninyamaze mpaka hapo? Maana nikimwambia moyo umekufa, naogopa ataamini na yeye amekufa, alale asiamke. Tafadhali jina langu usilitaje.

Ni mimi, mtafiti mwenye aibu.

SHANGAZI SEVERINA ANAJIBU:

Marahaba, mwanangu. Nimecheka, sitakuficha, na yule kuku ndiye aliyenimaliza. Nilipofika kwenye plau nikaacha kucheka.

Ukoo walisema uchawi, ukakataa, ukaenda kusoma miaka yote hiyo, halafu ukamwambia baba yako mdogo kwamba uhai wake uko mikononi mwako ndani ya chombo na yeye asihangaike. Mganga gani angefanya zaidi ya hapo? Wala usimcheke mzee. Umemwonyesha moyo unadunda, ukamwambia ni wake, ukamwambia umeshaupa dawa. Kwa maneno uliyompa, hesabu yake ya dozi mbili ni sahihi kabisa, aliyekosea ni mwalimu.

Na hilo la kuamsha seli nyingine kimyakimya liache. Hiyo ni akili ya mtu aliyegonga kuku wa jirani akatafuta mwingine wa rangi ileile. Miezi miwili ni mingi mno kwa mtu mwenye moyo huo, asiyemeza dawa, anayehangaika na maksai.

Jina lako nimelificha, na la baba yako mdogo nimelibadilisha. Lakini Misigiri kuna wazee wangapi wanaosalimia moyo kwenye simu? Leo ni Jumatano, nimekutumia jibu hili mapema. Gazeti likitoka Jumamosi, kabla ya saa tatu mtu atakuwa amemsomea, kwa hiyo asikie kwako kwanza.

Mpigie mama yako mdogo saa hii hii. Vidonge vitolewe, ameze leo, na plau isitoke nje. Apige simu hospitali aombe ile nafasi ya Jumatatu irudi. Kisha panda basi, maana habari kama hii haipelekwi kwa ujumbe. Ukifika salimia, kaa chini, mwambie kwamba zile zilikuwa chembe zilizooteshwa kutoka kwenye damu yake, zimekufa kwa uzembe wako, na hazikuwa yeye. Uchukue mkono wake uuweke kifuani kwake mwenyewe, asikie moyo wa kwake ulipo. Umwambie dawa ya Dar haifiki pale, inayofika ni ile anayomeza. Na umwombe radhi, pamoja na ya kuku.

Akitaka kuweka matanga, usimkatalie. Watu wetu ukiwaita kliniki wana vitunguu vya kung'oa, ukiwaita msibani hakosi mtu. Waambie wazi kilichokufa ni nini, mtu asije akabeba sanda bure, na wakishakula, kila mwenye damu ya babu yako apangiwe siku ya kupimwa moyo kabla hajarudi kwake.

Jambo la mwisho. Barua yako nimeirudia mara mbili nikitafuta mahali ulipoandika kwamba wewe umepimwa. Babu yumo, baba yumo, baba mdogo yumo, hata seli za kwenye barafu zimo. Wewe sijakuona. Miaka yote umechungulia moyo wa mwenzako kwenye kisahani, wako unauogopa. Marehemu baba yako alimwachia mdogo wake wewe, mwanangu, na mzee yule hatapanda kile kitanda cha kipimo kwa maneno ya mtoto anayekikimbia. Jumatatu mwende nyote wawili, na wa kwanza kulala pale uwe wewe.