Picha Niliyokupunguzia Kiuno

Leokadia, uliyekuwa mke wangu,

Sijui nikuamkie vipi. Kamwene ndiyo salamu ya watu wa kwenu Kalenga, nami sina tena haki ya kujifanya mkwe. Basi pokea salamu yoyote unayoona inanifaa, hata kama ni ile ya mpita njia. Nimechagua gazeti badala ya bahasha kwa sababu nilikuharibia jina hadharani. Juzi alikuja studio mama mmoja wa Iringa kupiga picha ya pasipoti. Akaanza kunilalamikia kuhusu binti yake anayejinyima kula ili apungue. "Atakuwa kama yule bibi wa Kalenga," akasema, akicheka, "aliyekataa chakula mwaka wa njaa." Nilibonyeza kabla hajatulia, ikabidi nipige picha ile mara ya pili. Hakujua kwamba bibi huyo nilimwoa mimi.

Miaka yote hiyo, na hadithi bado inatembea. Nami ndiye niliyeipa miguu.

Unakumbuka tulivyokutana? Nilikuwa fundi msaidizi katika studio ya picha hapa Mbeya, na bosi alinituma Kalenga kupiga picha za wageni waliokuja makumbusho. Nilikuwa nimejifunika kile kitambaa cheusi, mguu mmoja wa kamera umezama kwenye tope, nikasikia mtu anacheka. "Huyu anatafuta nini humo ndani?" uliwauliza wenzako. Nilipotoka jasho linanitiririka nikakuona mzima mzima: mabega, mikono, miguu iliyojaa, debe la mahindi kichwani ambalo hata hukulishika, na kicheko cha kulitikisa bila kulimwaga. Nikasema moyoni, huyu. Sikusema huyu akipungua kidogo. Naomba uamini hilo, hata kama huamini lingine lolote nitakaloandika hapa.

Siku ya kukuaga kwenu, shangazi yako Tekla alinisogelea kanisani akaniambia, "Ambokile, tunakupa mtu aliyeshiba. Siku ya kuja kutusalimia, tutamtazama." Watu walicheka, nami nikacheka. Sikujua kwamba kwenye ukoo wenu huo haukuwa utani. Wewe ndiye uliyenieleza baadaye, tukiwa kwenye basi: bibi arusi akirudi kusalimia, shangazi humshika kifundo cha mkono kwanza, kabla hata ya kuuliza habari za safari. Vidole vikikutana kirahisi, mume ana la kujibu. Sisi Wanyakyusa tuna vituko vyetu, lakini hicho kilinichekesha mpaka Makambako.

Chumba chetu cha Mwanjelwa, hapa Mbeya, kilikuwa kimoja, na jiko lilikuwa uani. Nikitoka kazini nilikaa kwenye kigoda nikikusomea vile vitabu vidogo vya mapenzi wakati wewe unapika. Ulikuwa unavipenda kuliko mimi. Lakini kila msichana humo alikuwa na kiuno cha nyigu na shingo ya twiga, na kila mwanaume akimwona alikuwa anakosa usingizi. Siku moja ukasimamisha mwiko ndani ya sufuria.

"Hivi hakuna hata kitabu kimoja mwanamke mnene anapendwa?"

"Wanene wapo," nikajibu. "Wanauza pombe, au ni mama wakwe."

"Basi na mimi niuze pombe," ukasema, ukaendelea kusonga ugali.

Tulicheka sana. Mimi nilisahau kabla ugali haujaiva. Wewe, nadhani, hukusahau.

Sasa nije kwenye picha. Pale studio kazi yangu haikuwa kupiga tu. Bosi alikuwa amenifundisha kurekebisha. Filamu ikishasafishwa unaiweka juu ya kioo chenye taa kwa chini, unachukua penseli iliyochongwa kama sindano, unafuta kovu la mtu, chunusi, mfuko chini ya jicho. Kwenye filamu cheupe huonekana cheusi na cheusi huonekana cheupe, kwa hiyo fundi anafikiri kinyume muda wote. Anayetaka kumpunguza mtu hakati kitu. Anapaka wino mwekundu pembeni mwa mwili, na picha ikitoka, pale penye wino panakuwa peupe kama shuka lililotundikwa nyuma. Nilikuwa nimewafanyia hivyo wake za wakubwa, wao wenyewe wakiomba, tena kwa kunong'ona. Wewe hukuomba.

Ulivaa gauni la njano lenye mkanda. Ulikaa wima, mikono tumboni, kama unamshika kuku asitoroke. Picha ilikuwa nzuri, Leokadia. Ilikuwa na wewe ndani yake. Lakini dirishani kwa bosi walipangwa wasichana wembamba tu, wamesimama upandeupande kama wale wa magazeti ya picha yaliyokuwa yanatoka Nairobi, na mimi nilitaka mke wangu awe dirishani. Nilitaka mafundi wenzangu waseme Ambokile kaoa. Nikachukua brashi. Nilianza na kiuno, kisha nikaona mikono hailingani na kiuno, nikaipunguza na yenyewe, kisha shingo. Ilinichukua mchana mzima na nilijisifu kwa mkono wangu usiotetemeka. Bosi aliitazama, akaiweka katikati kabisa ya dirisha.

Ulikuja na kikapu chako kutoka sokoni, ukasimama nje ya kioo. Ulitazama muda mrefu mpaka nikatoka.

"Huyu ni nani?"

"Si wewe?"

Ukaliangalia gauni, ukauangalia mkanda, kisha ukaweka kikapu chini ukajishika kiuno kwa mikono miwili, pale barabarani, watu wanapita. "Ndivyo ungependa niwe?" ukauliza, tena kwa upole, kama mtu anayeuliza chumvi imetosha.

"Kamera ndivyo ilivyokuona," nikasema.

Kuanzia siku ile ulianza kula jikoni. Ndivyo ulivyoniambia: "Wewe kula tu, mimi nimeonja jikoni." Nilikuwa nakula sahani yangu na nusu ya yako, na sikuuliza. Ulikuwa unafunga kitenge tumboni kwa nguvu mpaka unapumua juu juu. Asubuhi chai ya rangi, jioni chai ya rangi. Gauni la njano likalegea. Nawe ulipolivaa siku moja ya Jumapili, ukauvuta mkanda hadi tundu ulilotoboa mwenyewe kwa msumari, nilisema maneno ambayo ningekuwa na uwezo ningeyarudisha kinywani na kuyameza. Nilisema, "Sasa unaanza kufanana na picha yako." Ulitabasamu kama mtoto aliyefaulu mtihani.

Na huo ndio mwaka mvua iligoma. Unga mweupe ukapotea madukani, watu wakapanga foleni tangu alfajiri kupata ule wa njano tuliouita yanga, na kila mtu alikuwa na ndugu kijijini wa kumwonea huruma. Jirani yetu mama Neema alikuleta nyumbani siku moja akikushikilia kiunoni. "Ameanguka kwenye foleni," akaniambia. "Mkeo ni mwepesi kama mtoto, wewe huoni?" Mimi nikawaza labda ni ujauzito, nikafurahi. Hivyo ndivyo nilivyokuwa kipofu, mimi niliyekuwa nalipwa kwa kuona.

Hapo nikafanya ujinga mwingine. Krismasi ilikuwa inakaribia na sikuwa na cha kuwapelekea wakwe mwaka ule wa dhiki. Nikaitia fremu ile picha, nikampa mtu wa kwenu aliyekuwa anaenda Iringa. Nilijua watajivuna nayo. Fundi mzima, aliyeelezwa na mke wake habari ya kifundo cha mkono, nikawapelekea wazazi wa Kihehe picha ya binti yao amekonda, mwaka wa njaa, tena ndani ya fremu! Nilisikia baadaye kwamba mama yako aliipokea, akaigeuza ikatazama ukuta, akaenda kumwita shangazi Tekla.

Shangazi alishuka kwenye basi la Iringa siku ya tatu baada ya picha kufika. Hakutaka kukaa, hakutaka chai. Alikushika mkono, na vidole vyake havikukutana tu, vilipandana.

"Ambokile, huyu mtoto mnamlisha nini huku?"

"Shangazi, mwaka huu shida..."

"Shida ni ya wote. Hata sisi tunakula yanga. Mbona wewe una mashavu?"

Ulikuwa umesimama mlangoni, nusu ndani nusu nje, ukanitazama. Ulikuwa unanisubiri. Ilikuwa rahisi sana, Leokadia: shangazi, ile picha niliichezea kwa mkono wangu, na huyu amejikondesha ili aifikie. Lakini mafundi wangesikia, bosi angesikia, na mimi ningekuwa mwanaume aliyemuonea aibu mke wake mwenyewe. Nikaliangalia lile gauni la njano lililotundikwa ukutani, nikasema, "Mimi chakula naleta. Yeye mwenyewe ndiye hali."

Halikuwa neno la uongo. Ndiyo maana lilikaa.

Shangazi alikufungia nguo zako mwenyewe. Ulipopita mbele yangu hukunitazama tena, ukasema tu mchicha uko kwenye beseni, uoshwe kabla haujanyauka.

Nilifika Kalenga mwezi uliofuata na mshenga wangu. Baba yako alikuwa amewaita watu wa ukoo, wamejaa mpaka uani. Akanitaka nirudie nililomwambia dada yake. Nikarudia, macho chini. Kisha wakakuita. Ulikuwa umeanza kurudi mashavuni, na nilipokuona moyo uliniruka kama siku ile ya debe. Baba yako akakuuliza kama nilikunyima. Uligeuka kwangu, ukanipa nafasi ya mwisho, nami nikakuna goti.

"Hakuninyima," ukasema. "Nilikataa mwenyewe."

"Mwaka huu?" bibi mmoja alipiga kelele kutoka nyuma. "Watu wanazika watoto, yeye anakataa chakula?" Mwingine akasema ni pepo. Mwingine akasema ni kiburi cha mjini. Mama yako alijifunika uso kwa kanga. Wewe ulibaki umesimama palepale katikati, umeyabeba yote, na hukunielekezea hata kidole.

Baba yako alisema utakaa mpaka upone, kisha nije nikuchukue. Hiyo ilikuwa ruhusa, Leokadia. Nilipewa mlango wazi na sikuupita. Kila wiki nilisema wiki ijayo. Nilikuwa naogopa macho yako kuliko ya baba yako, kwa sababu wewe peke yako ulijua. Mwaka ukaisha, wa pili ukaja, kisha nikasikia umeolewa na mkulima wa mpunga huko Ubaruku, Mbarali. Nilifurahi kwa ajili yako kwa siku moja hivi. Baada ya hapo nilikuwa naumwa kila nikipita sokoni nikaona mchele wa Mbarali.

Nisijisafishe hapa. Sikuacha kazi ile kwa ajili yako. Niliendelea kuwapaka watu wino miaka mingi, na nilioa tena, mke mwema ambaye sikumpiga picha hata moja studio, wala sikumweleza sababu. Siku hizi wasichana hawanihitaji. Mjukuu wangu anajipunguza mwenyewe kwenye simu, kwa kidole, akiwa anatafuna karanga. Juzi aliniuliza, "Babu, hii si imependeza?" Nilimwambia arudishe ile ya mwanzo. Akasema tayari ameifuta. Nilitoka nje nikakaa barazani, nikashindwa hata kumgombeza, maana ningeanzia wapi?

Nimekukosa, Leokadia. Nimekukosa mzima, yule wa siku ya kwanza, na ninajua nilikuwa naye mkononi. Sikuandikii ili unisamehe. Ukiweza, sawa, usipoweza, ni haki yako. Ninachotaka ni kuliondoa neno lile midomoni mwa watu, na najua nimechelewa mno, wengi waliokuwa pale uani wamekwisha kuzikwa, shangazi Tekla na mama yako wakiwemo. Walikufa wakiamini nilichosema.

Waliobaki ni watoto na wajukuu zako. Hao nawaomba jambo moja. Mkimsikia mtu anamcheka bibi yenu kwa habari ya mwaka wa njaa, msinyamaze. Mwambieni hakuwa na pepo wala kiburi. Alikuwa na mume aliyemfanya auonee haya mwili wake, na walipomuuliza, bibi yenu alimficha mume huyo. Wakitaka kujua ni mume gani huyo, wasomeeni jina. Liko hapa chini.

Aliyekuwa mume wako,

Ambokile
Mbeya