Ukili wa Mama Haujashonwa

Hewani,
Kwa mkono wa Bw. Gedi, Garsen.
11 Februari 1956

Mpendwa kaka Laban,

Pokea salamu zetu sote. Hujambo huko Mombasa? Kile kifua kimepona? Sisi tu wazima, ila macho ya mama yanazidi kufifia. Juzi alimkaribisha ndama wa jirani yetu Duba akidhani ni mgeni. Tulicheka, naye akacheka.

Barua yako ya kuja Pasaka ilifika. Siku ile ile mama alinishika mkono tukaenda msituni kukata ukindu wa mkeka wako. Miba ya mkindu nadhani hujaisahau. Mimi nilichomwa mara tatu, yeye asiyeona hakuchomwa hata mara moja! Mjomba Dabaso tulimkuta huko huko akigema tembo, akaficha kibuyu upesi. Mzee wa kanisa mzima!

Tangu hapo mama anasuka kwa kupapasa. Ukili umekuwa mrefu, umeviringishwa pale mlangoni, lakini hataki kuushona uwe mkeka. Unajua kwetu mkeka wa mtu hupimwa kwa kimo chake, na chako hakijui.

Nami nilikosea, kaka. Kikapuni mwake niliuona ule uzi aliokupimia siku ulipoondoka. Nikashona mkeka kwa kipimo hicho, kwa siri, nimfurahishe. Aliupapasa toka mwanzo hadi mwisho, kisha akasema, "Huyu ni mtoto wa miaka kumi na minne." Akalia. Nilijuta sana. Sasa mwanangu Tom ndiye anayeulalia, na miguu haimtoki nje.

Nikamwambia nitakuandikia umpe Gedi uzi mwingine wa kimo chako. Amekataa katakata. Uzi mmoja umemtosha miaka tisa, anasema. Safari hii anataka kukupima kwa mikono yake, umesimama mlangoni. Krismasi pia ulisema unakuja, tukaishia kuula wali wako wenyewe. Nakuomba usimfanyie hivyo tena, kwa maana sijui macho yale yatangoja mpaka lini.

Mjomba na Duba wanakusalimu. Tom anaulizia mjomba wake kila mashua ikitia nanga. Mungu akulinde njiani, akufikishe kabla mto haujajaa.

Mama ameniambia niongeze hili: ukili ameuzidisha kidogo, huenda wewe umempita marehemu baba kwa urefu.

Mdogo wako akupendaye, anayekungoja mlangoni,
Raheli