Taa na Panya Aliyekwisha

Goretti, uko? Rafiki yangu, sikiliza yaliyonipata.

Wakwe wa mjukuu wangu Huguette wamekuja leo hapa mtaani kwetu Kamwokya. Shangazi wa bwana arusi, yule mwalimu wa sayansi, akaniuliza muziro wetu, yaani mnyama ambaye ukoo wetu haumli. Sisi wakimbizi, kwetu Kongo hatuna jambo hilo. Nikaogopa watasema hatuna ukoo, nikajibu, "Taa," yule samaki bapa ambaye jirani yangu Annick alinisomea habari zake gazetini jana.

Akanitazama kuanzia kilemba mpaka kandambili. "Taa wanakaribia kwisha, mama, bado wanataka kulindwa. Afadhali panya wa kisiwa kimoja cha Australia. Yeye amekwisha kabisa. Halishwi wala halindwi."

Halishwi wala halindwi, Goretti. Akinitazama mimi. Sebule nzima ikacheka, na bwana arusi akacheka.

Ni dada mdogo wa bwana arusi tu ambaye hakucheka. Aliniokotea glasi iliyoniponyoka.

Walipoondoka Huguette akaniletea chai ya tangawizi, kama ninavyopenda. Akanishika mkono taratibu.

"Koko, bibi yangu, siku ya harusi ubaki nyumbani."

Chai nimeimaliza. Alikuwa ameitia sukari vizuri.